Herufi ya Nane

Paisley, Januari. Boila imekufa saa nne usiku.
Fundi kasema kwenye simu: asubuhi, theluji ikiruhusu.
Tukawasukuma wazee kumi na mmoja, vitanda na magurudumu yake,
kwenye korido inayonuka dawa ya sakafu na supu ya jana,
hadi chumba cha kulia, penye nguzo nne za chuma
zilizopakwa rangi ya maziwa,
na katikati tukawasha jiko la gesi la kuazima kanisani.

Bi Wilma Haddow hakutaka blanketi. Alitaka gazeti lake.
Tangu asubuhi fumbo la maneno limemkwama kama mwiba wa samaki:
ukumbi mkubwa wa Wagiriki wa kale, herufi saba.
Ya tatu ni G. Zilizobaki, weupe mtupu.

Miaka thelathini alichora ramani za nyumba za watu.
Sasa hata jina la mwanawe linamponyoka.
Mimi leo ni Zuhura, kesho ni Morag, keshokutwa ni wewe msichana,
nami naitika yote. Jina ni koti tu,
na nje kuna baridi.

Mmoja akikohoa, mwingine anadakia.
Bwana Gilfillan akauliza kama meli imeng'oa nanga.
Bado, nikamwambia. Lala.

Saa tisa akanishika mkono.
Macho yake yakahesabu nguzo: moja, mbili, tatu, nne.
Yakashuka motoni. Yakatulia.
"Megaron," akasema,
kama mtu aliyeukuta ufunguo ndani ya kiatu.

Kisha kidole chake kikachora kwenye kioo cha dirisha, penye ukungu:
hapa kibaraza, hapa chumba cha kungojea,
hapa ukumbi wenyewe, moto wa duara katikati,
nguzo nne zimeuzunguka,
tundu darini la kutolea moshi,
na kuumeni, ukutani, kiti cha mfalme.

Daka, nikajibu, nikikifuata kidole. Msana. Ndani.
Nyumba ya nyanya yangu, Siyu, ilikwenda hivyo hivyo,
chumba nyuma ya chumba, ikiuficha moyo wake.
Ila moto wetu ulikaa jikoni na wanawake.
Mfalme kwetu angetetemeka.

Akacheka. Sijui alielewa nini.

Lakini neno lenyewe nililisikia kwa sikio langu.
Mega. Kwetu hiyo ni amri ya sinia:
nyoosha mkono, usione haya, mega.
Palikuwa na mkate mmoja. Nikaubanika juu ya jiko,
nikaumega vipande kumi na vitatu, na Ishbel wa zamu akapitisha siagi.
Kilichobaki kidogo kuliko vyote nikakitia kinywani.

Mla nawe hafi nawe, wanasema, ila mzaliwa nawe.
Basi niulizeni mimi.
Nimekula na wangapi humu,
kijiko kwangu, kijiko kwao,
na waliowazaa wakafika kesho yake na maua, wakiulizia pete,
macho nimeshayafumba kwa vidole hivi hivi vyenye makombo.

Vidole vyake vilitetemeka, akanipa kalamu. Andika wewe.
Nikaandika, kijumba kwa kijumba, kwa wino,
na mkono haukuniuliza:
ulimi wangu haujui kulifunga neno kwa komeo la N,
maneno ya kwetu hulala mlango wazi.
Herufi ya nane, I, ikatoka nje ya mstari,
ikaingia kwenye mraba mweusi usiokaliwa na kitu.

Bi Wilma akavaa miwani. Akatazama muda mrefu.
Umeharibu, akasema.
Halafu akalikunja gazeti mara nne, akalitia chini ya mto,
akanisogezea nusu ya blanketi
aliyokuwa haitaki.